TestDisk 7.2 kwa diski iliyogoma kufunguka: inachokifanya vizuri na pale inapoweza kukuponza

Unachomeka diski ya nje, taa inawaka, lakini Windows inadai ifomatiwe kwanza ndipo itumike. Au uko kwenye Linux, unajaribu kuipachika na unajibiwa "wrong fs type, bad option, bad superblock". Mara nyingi data zote bado zipo palepale. Kilichoharibika ni sekta chache (vipande vidogo vya diski) zinazoieleza kompyuta kwamba patisheni, yaani sehemu ya diski iliyotengwa kuhifadhi faili, inaanzia hapa, ina ukubwa huu na imepangwa kwa mfumo fulani wa faili. TestDisk ilitengenezwa kwa ajili ya tatizo hilo hasa, na katika programu za bure hatujaona inayoifikia.

Ila sifa yake kubwa haipo pale wengi wanapoitafuta. Wengi huisifu kwa kurudisha patisheni iliyopotea. Sisi tunaipa alama za juu kwa sababu inakuwezesha kuingia ndani ya patisheni isiyofunguka na kutoa faili zako zote kabla hujaandika hata baiti moja kwenye diski yenyewe. Ukiitumia kwa mpangilio huo, ni vigumu sana kuharibu kitu. Ukikimbilia kitufe cha kuandika, unaweza kuligeuza tatizo la dakika 20 kuwa hasara ya kudumu.

Mwandishi wake ni Mfaransa Christophe Grenier, ambaye ameiendeleza tangu 1998. Toleo la 7.2 ni la Februari 2024. Leseni yake ni huria ya GPL, na inaendeshwa kwenye Windows, Linux, macOS na hata DOS. Kwenye Windows haisakinishwi: fungua faili ya zip, ingia kwenye folda, endesha testdisk_win.exe kwa haki za msimamizi. Kwenye Ubuntu na Debian ni `sudo apt install testdisk`. Ukipewa toleo la 7.1 la 2019 usihangaike, kwa kazi tunayoieleza hapa yanakaribiana. Muonekano ni skrini nyeusi ya maandishi ya Kiingereza, vitufe vya mishale na Enter, bila kipanya. Mgeni ataogopa dakika tano za mwanzo, lakini menyu zimepangwa kwa mantiki, na kila hatua inaeleza vitufe vyake chini ya skrini.

Kabla hujaifungua

Si kila diski isiyofunguka inahitaji TestDisk. Anza na umeme na waya. Diski ya inchi 2.5 inapoanza kuzunguka huweza kudai umeme mwingi kuliko mA 500 za tundu la USB 2.0, tundu la USB 3.0 linaruhusiwa mA 900. Ukiona kwenye `sudo dmesg -w` (kumbukumbu za keneli ya Linux) kwamba diski inaonekana, inapotea, kisha inaonekana tena, badilisha waya kwanza, tumia ulio mfupi, na kwenye kompyuta ya mezani chomeka nyuma badala ya mbele. Jambo hili dogo linamaliza idadi kubwa ya kesi zinazopelekwa kwa mafundi.

Kwenye Windows, fungua Disk Management. Kama patisheni ipo, imeandikwa NTFS au exFAT na ukubwa wake ni sahihi, lakini haina herufi, mpe herufi tu. Kwa diskpart ni `list volume`, kisha `select volume 3` kulingana na namba yake, kisha `assign letter=K`. Kama diski imeandikwa Offline kwa sababu alama yake inafanana na ya diski nyingine, jambo linalotokea baada ya kunakili diski nzima, bonyeza kulia na uiweke Online. Windows itaipa alama mpya. Angalizo: kama diski hiyo ndiyo yenye mfumo unaowashia kompyuta nyingine, kubadilisha alama kunaweza kuifanya ishindwe kuwaka kule, kwa hiyo usiiweke Online pembeni ya pacha wake.

Kwenye Linux, diski ya NTFS iliyotoka kwenye Windows mara nyingi hukataliwa kwa sababu Windows haikuzimwa kikamilifu. Tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida huhifadhi hali ya mfumo kwenye hiberfil.sys na kuacha patisheni zikiwa na alama ya kutofungwa vizuri. Moduli ya ntfs3, iliyoingia kwenye keneli 5.15, huandika kwenye dmesg kwamba patisheni ni chafu na hujalazimisha. Tiba sahihi ni kuirudisha kwenye Windows ileile na kuizima kwa `shutdown /s /t 0`, au kuizuia tabia hiyo kabisa kwa `powercfg /h off`. Amri ya `ntfsfix -d` hufuta alama ya uchafu, lakini haikagui mfumo wa faili kwa undani. Itumie tu pale ambapo kompyuta ya Windows haipatikani na data muhimu zimeshanakiliwa.

Kwenye Mac, diski ya exFAT iliyochomolewa ghafla inaweza kuonekana imekufa kumbe mashine inaikagua kimyakimya. Andika `ps aux | grep fsck` kwenye Terminal. Ukiona fsck_exfat inafanya kazi, iache imalize, hata kama ni saa nzima kwa diski kubwa. Ukichomoa tena, ukaguzi unaanza upya.

Afya ya diski, hatua ambayo TestDisk haikukumbushi

Hapa ndipo lawama yetu ya kwanza kwa programu hii. TestDisk haisomi taarifa za SMART, yaani rekodi ambazo diski yenyewe huweka kuhusu afya yake, na haitakuonya kwamba diski inakufa. Inaanza kutafuta tu, sekta baada ya sekta, na kwenye diski yenye kichwa kinachochoka utafutaji huo wa saa nyingi unaweza kuwa ndio pumzi yake ya mwisho. Kazi ya kukagua ni yako:

`sudo smartctl -a -d sat /dev/sdb`

Sehemu ya `-d sat` inahitajika kwa makasha mengi ya USB. Tazama mistari minne. Namba 5 inahesabu sekta zilizokwisha kubadilishwa na za akiba. Namba 197 ni sekta zilizogoma kusomeka na zinasubiri uamuzi. Namba 198 ni zile zisizosahihishika. Namba 199 ni makosa ya mawasiliano, na hiyo karibu kila mara ni waya au tundu, si sahani za diski. Kwenye Windows, CrystalDiskInfo inaonyesha mambo hayohayo kwa namba za heksa: 05, C5, C6 na C7.

Kama 197 na 198 ni sifuri, unaweza kuendelea na TestDisk moja kwa moja. Zikiwa zaidi ya sifuri, usiendeshe TestDisk kwenye diski yenyewe, na usiendeshe chkdsk, kikaguzi cha diski cha Windows, hata kidogo. Chkdsk haitafuti data zako, inatafuta mfumo wa faili ulionyooka. Ikikuta rekodi isiyosomeka inaikata na kuvitupa vipande kwenye folda ya found.000 kwa majina kama FILE0000.CHK. Diski ikiwa imeshaandikwa RAW, yaani Windows haitambui mfumo wake wa faili, chkdsk yenyewe hukataa kufanya kazi, na hapo imekufanyia hisani.

Imeji kwanza

Diski yenye dalili za kufa inanakiliwa sekta kwa sekta kwenye diski nyingine nzima, kama faili moja iitwayo imeji, kisha kazi yote inafanywa kwenye nakala. Chombo chake ni GNU ddrescue cha Antonio Diaz Diaz. Kwenye Debian na Ubuntu kifurushi kinaitwa gddrescue ingawa amri ni ddrescue. Kama una Windows tu, washa kompyuta kwa flashi ya SystemRescue, ambayo ina ddrescue na TestDisk ndani yake.

Kwanza hakikisha unajua diski ipi ni ipi kwa `lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,FSTYPE`. Kisha izuie isiandikwe kwa bahati mbaya:

`sudo blockdev --setro /dev/sdb`

Halafu mzunguko wa kwanza, unaochukua sehemu rahisi na kuziacha ngumu:

`sudo ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/kubwa/diski.img /mnt/kubwa/diski.map`

Na wa pili, unaorudi kwenye zilizobaki mara tatu:

`sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb /mnt/kubwa/diski.img /mnt/kubwa/diski.map`

Chanzo kinatangulia, mafikio yanafuata. Kuwa makini na mpangilio huo kuliko kitu kingine chochote kwenye makala haya. Faili ya tatu, ile ya .map, ndiyo roho ya kazi: inaandika ni sekta zipi zimepatikana na zipi bado. Umeme ukikatika katikati, rudia amri ileile na itaendelea ilipoishia badala ya kuanza upya. Kwa maeneo yetu ambako umeme haukawii kwenda, hilo peke yake linatosha kuichagua ddrescue badala ya dd ya kawaida.

Nafasi inayohitajika ni sawa na ukubwa wa diski nzima, si wa faili zilizomo. Diski ya TB 1 inahitaji TB 1. Ikiwa sehemu kubwa haijawahi kuandikwa, kuongeza `-S` hupunguza nafasi inayoliwa. Diski ya kupokea isiwe FAT32, kwa sababu mfumo huo haubebi faili moja inayozidi GB 4; tumia ext4, NTFS au exFAT. Kuhusu muda, TB 1 kwa mwendo wa MB 100 kwa sekunde ni karibu saa tatu, na kupitia tundu la USB 2.0 ni saa nane hadi tisa hata kama diski ni nzima. Diski mbovu haina makadirio.

Ndani ya TestDisk

Fungua imeji kwa `testdisk diski.img`, au `sudo testdisk` kama unashughulikia diski yenye afya. Kubali Create ili faili ya testdisk.log itengenezwe. Utaihitaji ukikwama.

Chagua diski na ulinganishe ukubwa unaoonyeshwa na ule ulioandikwa juu ya kasha. Ukitofautiana sana, simama, tutalifikia hilo. Skrini inayofuata inauliza aina ya jedwali la patisheni. Programu inapendekeza yenyewe, na kwa kawaida inapatia. Inapokosea ni pale ambapo mtu au programu nyingine imeandika jedwali jipya juu ya la zamani. Kumbuka kwamba jedwali la zamani la MBR, lenye nafasi nne za baiti 16 kila moja, haliwezi kufikia zaidi ya TiB 2 kwa sekta za baiti 512. Kwa hiyo diski ya TB 3 au 4 yenye sekta hizo kwa kawaida ni EFI GPT, jedwali la kisasa, hata kama pendekezo linasema Intel, jina ambalo TestDisk huipa MBR. Kadi ya kamera au flashi isiyo na jedwali kabisa inahitaji None.

Ingia Analyse, kisha Quick Search. Kwa diski ambayo jedwali lake tu ndilo limefutika, matokeo huja kwa sekunde chache. Sasa usibonyeze Enter. Weka kiashirio juu ya patisheni iliyopatikana na ubonyeze herufi P.

Herufi hiyo moja ndiyo sababu ya makala haya. Ukiona majina ya folda zako, data zipo na njia ya kuzifikia ipo. Bonyeza a kuchagua vyote, kisha C kubwa, kisha nenda kwenye folda ya kupokea na ubonyeze C tena. Kwenye Windows, kufika kwenye diski nyingine, panda juu kwa nukta mbili mpaka uone orodha ya herufi za diski. Mwishoni utapewa idadi ya faili zilizofaulu na zilizoshindikana. Fungua baadhi ya picha na nyaraka, hasa zile kubwa, uone kama zinafunguka kweli. Orodha nzuri ya majina si uthibitisho wa yaliyomo.

Ukishazitoa faili na kuzikagua, ndipo uamuzi wa kuandika jedwali jipya unapokuwa mwepesi. Kwa mishale ya kushoto na kulia, patisheni unazozitaka zipe alama ya P (Primary, si kile kitufe cha P cha kuorodhesha faili) au nyota, na zile zisizohitajika ziache na D (Deleted). Mstari wa chini useme muundo ni sawa. Ukiacha D kwenye patisheni unayoihitaji na ukaandika, haitaingia kwenye jedwali. Kisha Enter, Write, Y. Kwenye Linux chomoa na kuchomeka au tumia `partprobe`. Kwenye Windows washa upya.

Quick Search ikikosa, Deeper Search inapita diski nzima na inaweza kuchukua saa nyingi. Tatizo lake ni wingi wa mizimu: mabaki ya patisheni za zamani, imeji za mashine pepe zilizohifadhiwa kama faili, nakala za sekta za kuwashia. Hapa programu haikusaidii sana kupambanua. Dokezo linalosaidia ni sekta ya mwanzo. Tangu Windows Vista, patisheni ya kwanza kwa kawaida huanzia sekta ya 2048, wakati zile za enzi za Windows XP zilianzia 63. Ukikuta mbili zinazopandiana, moja ya 63 na nyingine ya 2048, ya pili ndiyo mara nyingi iliyokuwa ikitumika. Lakini hakimu wa kweli ni P: inayoorodhesha faili unazozitambua ndiyo yenyewe.

Patisheni ipo, sekta yake ya mwanzo imekufa

Kesi hii hutofautiana na ya juu. Jedwali ni zima, ukubwa ni sahihi, lakini Windows inaandika RAW. Nenda Advanced, chagua patisheni, kisha Boot. TestDisk inakagua sekta ya kuwashia, ile ya mwanzo wa patisheni, na nakala yake ya akiba na kukuambia hali ya kila moja. NTFS huweka nakala hiyo kwenye sekta ya mwisho kabisa ya patisheni. FAT32 huiweka sekta ya 6. ExFAT ina eneo zima la sekta 12 mwanzoni na nakala yake kuanzia sekta ya 12. Ya kwanza ikiwa mbovu na ya akiba nzima, Backup BS inainakili ya akiba juu ya ya kwanza. Hii ni mojawapo ya marekebisho salama zaidi kwenye programu nzima, kwa sababu yanayoandikwa ni machache na chanzo chake kinajulikana.

Zote mbili zikiwa mbovu, kuna Rebuild BS, ambayo inajenga upya kwa kukisia kutoka kwenye yaliyobaki. Kabla ya kuandika matokeo yake, tumia List uone kama faili zinaonekana. Orodha ikiwa tupu au ina takataka, ondoka bila kuandika. Repair MFT nayo ina mipaka ambayo wengi hawaijui: nakala ya akiba ya MFT, jedwali kuu la faili la NTFS, hubeba rekodi nne za kwanza tu. Uharibifu ukivuka hapo, TestDisk imefika mwisho wake.

Kwa ext4, TestDisk inakuonyesha zilipo supabloku za akiba (nakala za bloku inayoeleza muundo wa mfumo wa faili), lakini ukarabati unaufanya kwa e2fsck. Bloku zikiwa za KiB 4, ya kwanza ya akiba iko kwenye bloku ya 32768, inayofuata 98304. Anza kwa kusoma tu:

`sudo e2fsck -n -b 32768 -B 4096 /dev/sdb1`

Hiyo `-n` inajibu hapana kwa kila swali, kwa hiyo unaona ukubwa wa tatizo bila kugusa kitu. Ikiwa orodha ya makosa ni fupi, endesha tena bila `-n` kwenye imeji. Ikiwa inamwagika bila kikomo, huenda umekosea mwanzo wa patisheni. Rudi kwenye utafutaji. Pia jaribu kuipachika kwa `mount -o ro,noload`, ambayo inaruka daftari la mabadiliko. Mara nyingi daftari ndilo lililoharibika na faili ni nzima.

TestDisk inaposema diski ni ndogo mno

Ujumbe huu unamaanisha patisheni iliyopatikana inavuka mwisho wa diski. Watu huudharau, na ni miongoni mwa taarifa zenye thamani kubwa kuliko zote ambazo programu inatoa.

Sababu ya kwanza ni kasha. Baadhi ya makasha ya USB huwasilisha diski kwa kompyuta kama yenye sekta za baiti 4096, wakati diski iliyomo ndani husomeka kwa baiti 512. Ukiitoa diski humo na kuichomeka kwenye SATA, au ukiingiza kwenye kasha kama hilo diski iliyogawanywa kwenye SATA, kila namba kwenye jedwali inatafsiriwa vibaya mara nane. Hakuna kilichoharibika. Irudishe kule ilikogawanywa, au kama ilikuwa kwenye kasha na kasha limekufa, tengeneza imeji na uifungue hivi:

`sudo losetup -r -P -f --show --sector-size 4096 diski.img`

Ndani ya TestDisk unaweza pia kubadilisha ukubwa wa sekta kupitia Geometry. Kuna ugumu mwingine unaofanana na huu kwa nje: baadhi ya diski za nje, zikiwemo nyingi za familia ya My Passport ya Western Digital, husimba data ndani ya ubao wa USB wenyewe, hata kama mwenye nayo hakuwahi kuweka neno la siri. Diski ikisomwa bila ubao ule, kinachoonekana ni kelele tupu, na hakuna programu ya utafutaji itakayoona patisheni. Usimruhusu mtu atupe ubao.

Sababu nyingine ni flashi ya uongo, ile inayouzwa kama TB 1 au 2 kumbe ndani ina GB 16 au 32 na imechezewa ijitangaze kubwa. Inafanya kazi mpaka data zivuke ukubwa halisi, kisha inagoma. Kilichoandikwa baada ya hapo hakikuhifadhiwa popote, au kimeandikwa juu ya vingine. Toa kinachotoka kwa P au PhotoRec (tutaieleza hapo chini), kisha thibitisha kwa `sudo f3probe --destructive --time-ops /dev/sdb`, ukijua kwamba amri hiyo inaharibu data zilizomo.

Inapokwama, na wenzake

TestDisk inaorodhesha faili za FAT, exFAT, NTFS na ext2 hadi ext4. Kwa XFS, Btrfs na HFS+ inaweza kutambua patisheni inaanzia wapi, lakini P haitakupa kitu. Hilo ni pengo la kweli kwa wenye Mac na wenye seva. Kunakili kwake pia hakuna namna nzuri ya kuendelea kazi ikikatika, na kwa folda yenye faili laki kadhaa hilo linaudhi. Na kitufe cha Write kiko hatua moja tu baada ya orodha ya patisheni, bila programu kuhifadhi jedwali la zamani yenyewe. Hifadhi sekta za mwanzo kwa mkono kabla ya kuandika: `sudo dd if=/dev/sdb of=mwanzo.bin bs=1M count=4`. Zikihitajika utazirudisha.

Ndani ya kifurushi kilekile kuna PhotoRec, ambayo haijali mfumo wa faili hata kidogo. Inatambua faili kwa saini zao za mwanzo na inajua aina zaidi ya 400. Gharama yake ni kwamba majina na folda vinapotea: unapata recup_dir.1, recup_dir.2 na kuendelea, zenye majina kama f1234567.jpg, na video kubwa zilizokatwakatwa kwenye diski hutoka pungufu. Iweke mwisho, si mwanzo. Picha za kadi ya kamera inazitoa vizuri sana. Nyaraka za ofisi za miaka kumi zilizotolewa bila majina ni kazi ya wiki kuzipanga.

Kati ya TestDisk na PhotoRec kuna nafasi ambayo DMDE inaijaza. Inapita diski nzima ikikusanya rekodi za MFT popote zilipo na kujenga upya mti wa folda pamoja na majina. NTFS iliyoharibika vibaya inaisoma pale TestDisk inapokata tamaa. Toleo lake la bure linaruhusu kutoa hadi faili 4000 kwa mara moja kutoka kwenye folda iliyofunguliwa, na kwa mtu wa nyumbani mwenye subira hilo linatosha. Tungependa TestDisk ijifunze jambo hili moja kutoka kwake.

Diski iliyosimbwa kwa BitLocker ya Windows au LUKS ya Linux ni hadithi nyingine. TestDisk inaweza kutambua kwamba ipo na kurekebisha jedwali linaloielekeza, basi. Bila ufunguo wa akiba wa tarakimu 48 wa BitLocker au neno la siri, hakuna kinachotoka. Kwa LUKS, kichwa chake kikiandikwa juu, hata neno sahihi la siri halifungui kitu, na ndiyo maana `cryptsetup luksHeaderBackup` ifanywe siku diski ikiwa nzima. Kwa SSD, ukifomati hata kwa haraka, amri ya TRIM huweza kuziachia bloku zote papo hapo, na TestDisk itakuta sifuri. Kwa hiyo dirisha lile la Windows linalotaka kufomati, likija juu ya SSD, lifunge bila kufikiri mara mbili.

Na diski inayogonga, inayokwaruza, au isiyotambulika kabisa hata kwenye BIOS haihitaji programu yoyote. Izime. Ukiipeleka kwa fundi, peleka na testdisk.log na faili ya .map kama ulifika huko, mwambie kila amri uliyoiendesha, na kabla ya kulipa chochote muulize kama ataanza kwa kutengeneza imeji na atafanyia kazi diski gani. Akijibu kwamba ataifomati kisha airudishe data, chukua diski yako uondoke nayo.